Mji wa Kabla ya Bendera

Rayners Lane, London
14 Oktoba 1973

Babu mpendwa,

Kuna jambo ambalo sijamwambia mtu yeyote, hata mdogo wangu Bharti ambaye tunalala chumba kimoja. Siku ile tulipoondoka Elgadi, uliposimama kando ya lori ukasema, "Tangulieni, mimi nafunga duka, baada ya miezi mitatu mtaniona," nilijua kwamba huji. Jana yake nilikuwa nyuma ya duka nikiwaaga mbuzi, nikakusikia ukimwambia Fundi Balbir abadilishe mabati ya banda la mitungi, na aweke yale mazito ya kudumu miaka ishirini. Mtu anayeondoka baada ya miezi mitatu hataki mabati ya miaka ishirini. Nilikuwa na miaka kumi na moja, lakini hesabu hiyo niliiweza. Sikumwambia Baba. Niliogopa angeshuka kwenye lori, na niliogopa pia kwamba asingeshuka.

Nakuambia leo kwa sababu nataka unijibu kwamba nilikosea.

Baba amepeleka maombi uruhusiwe kuja kukaa nasi, kwa kuwa Bibi hayupo tena na wewe uko peke yako. Wiki iliyopita ofisi ya uhamiaji ilijibu. Baba alinipa barua niisome mimi, maana anasema Kiingereza cha ofisi kina miba. Wanasema hakuna cheti kinachoonyesha kwamba Baba ni mtoto wako. Tuliandika kwamba alizaliwa Elgadi mwaka 1928. Wao wanasema kumbukumbu zao zinaonyesha kuwa mji wa Elgadi ulianzishwa mwaka 1931, boma la serikali lilipojengwa na bendera kupandishwa, na hawaelewi mtu anawezaje kuzaliwa katika mji miaka mitatu kabla mji huo haujakuwapo. Baba alicheka. Kisha akaacha kucheka.

Kwa hiyo inabidi tuthibitishe mji, Babu. Niambie mlivyoanza. Niambie kila kitu.

Shuleni sisemi sana. Wakiniuliza natoka wapi nasema Kenya. Wakiuliza, "Nairobi?" naitikia ndiyo, kwa sababu Elgadi inahitaji maelezo marefu, na kengele hulia kabla sijafika hata Isiolo.

Mjukuu wako,
Kokila


Elgadi, kupitia Isiolo
9 Novemba 1973

Mjukuu wangu Kokila,

Macho yangu hayauoni tena mstari, na wewe Kigujarati husomi. Basi Mwanamwema wa pale mkahawani, rafiki yako, anaandika ninavyosema, neno kwa neno, bila kuongeza chake.

Kuhusu mabati: banda lilikuwa linavuja. Basi.

(Koki, ni mimi Mwanamwema. Mwaka ule mvua ilinyesha mara mbili.)

Nilifika hapa na ngamia wanne wa kukodi. Hapakuwa na nyumba. Palikuwa na visima vya Waborana, na njia ambayo Wasomali walipitisha ngamia wao kwenda kusini. Mama yangu kule Gujarat alinifundisha kwamba mwenye duka akifika mahali pa kiu, kabla hajafungua hata gunia moja, aweke mitungi ya maji kando ya njia kwa kila apitaye, bila kumuuliza ni nani. Kwetu huitwa parab. Nikaweka mitungi miwili.

Maji hayakuwa na shida. Shida ilikuwa vikombe. Mimi sikuweza kunywea chombo cha mtu anayekula nyama. Msomali naye hakutaka chombo cha Mhindi asiyemjua. Wiki mbili watu walisimama mbele ya maji baridi, wakitazamana na kiu yao. Ndipo Guyo, Mborana mwenye kisima, aliposema, "Kila mtu alete kikombe chake, atundike." Tukapigilia misumari mitano kwenye nguzo. Wa kwanza ulikuwa wangu. Guyo akatundika kikombe cha mti, akina Dahabo, wale Wasomali, kibuyu, baba yake Balbir kopo la bati, na babu yake Mwanamwema, aliyetoka Lamu kuja kufundisha chuo cha Kurani, kata ya kifuu cha nazi. Mwenye msumari alikuwa mwenyeji. Asiye na msumari alikuwa mgeni, naye tulimwazima.

Huo ndio mji. Bendera ilikuja ikatukuta tunakunywa.

Baba yako alizaliwa mwaka 1984, mwezi wa Chaitra. Waandikie hivyo.

Babu yako,
Chaman

(Nimeandika 1984 kwa sababu amenilazimisha. Nilimwambia, "Babu, mwaka huo haujafika." Akasema, "Wewe andika, mambo ya miaka niachie mimi." Koki, nisikufiche, nimeogopa. Mwanamwema.)


Rayners Lane, London
2 Desemba 1973

Mwanamwema mpenzi,

Nilisoma "1984" nikajifungia bafuni nikalia. Nilidhani akili ya Babu imeanza kupotea. Mama akagonga mlango, nikampa barua, akaisoma akaketi kwenye ukingo wa bafu, akacheka mpaka akajifuta machozi. Hiyo ni hesabu yetu ya Samvat, ambayo iko mbele ya kalenda ya ofisi. Kwa mwezi huo unatoa hamsini na sita. 1928! Babu hajapoteza hata siku moja.

Lakini ofisi haitakubali neno la Babu peke yake. Nakuomba uende kwa kila mwenye msumari, au kwa mtoto wake, umuulize Baba alizaliwa lini. Tafadhali usimtajie mtu mwaka. Wakijua jibu tunalolitaka watatupa kwa heshima tu, na hilo halitakuwa ushahidi.

Unauliza London ikoje. Karibu na stesheni kuna duka la Mzee Sadrudin kutoka Kisumu, anauza muhogo uliolala baharini majuma matatu. Ukinunua, anakuuliza kwenu wapi, kisha anakuambia kwao. Bharti anaelewa Kiswahili chote lakini hujibu kwa Kiingereza. Nikimsemesha barabarani hunivuta mkono ninyamaze. Mimi huenda maktaba baada ya shule kwa sababu kuna joto na hakuna anayetarajia useme.

Tumempangia Babu chumba cha mbele. Kila nikipita mlangoni namwona amekaa kitandani akilalamika juu ya chai. Nina hamu naye mpaka naisikia sauti yake ikiniita, nikigeuka ni redio.

Wako,
Kokila


Elgadi
5 Januari 1974

Koki wa maktaba,

Kazi yako imevunja amani ya mji. Nilikusudia kwenda nyumba kwa nyumba, lakini Bi Dahabo alipata habari, akaja dukani kwa Babu na mkongojo wake, na wengine wakamfuata. Nimeandika waliyosema, nisiyoweza kuandika nimeacha.

Bi Dahabo: "Nani anauliza mtoto wa Chaman kazaliwa lini? Mimi ndiye niliyemkata kitovu! Ulikuwa mwaka wa nzige. Waliingia mpaka kwenye maji ya kumwoshea. Mama yake analia, mimi natoa nzige kwenye beseni."

Fundi Balbir: "Baba yangu alikuwa keshaleta bati la kwanza. Bila bati hakuna mji, ni kambi tu."

Mzee Guyo: "Visima vilikuwapo kabla ya bati lako, na kabla ya baba wa baba yako. Hakuna aliyeanzisha mahali hapa. Tuliwakaribisha, basi."

Babu: "Alitukaribisha kwa kututoza mbuzi kila mwezi."

Guyo: "Na wewe uliniuzia chumvi yenye mchanga."

Babu: "Mchanga ulikuwa wako! Nchi yote hii ni mchanga wako!"

Balbir: "Bila bati langu mngekuwa mnaota jua wote."

Babu: "Bati lako linavuja."

Balbir: "Linavuja? Mwaka sitini na tisa nilikuwekea mazito kuliko ya kanisani! Banda halikuwa na tundu hata moja, nilikuambia, ukasema weka tu."

Babu: "Mwanamwema, hilo usiandike."

Nimeliandika.

Sasa sikiliza. Baba yangu ameleta daftari la chuo la marehemu babu yangu, la hati za Kiarabu. Marehemu alikuwa akiandika humo mambo ya mji, nani kaoa, nani kafa. Kuna mstari huu: "Siku ya tatu ya Mfunguo Mosi, mwaka 1346. Mhindi wa mitungi amepata mtoto wa kiume. Ametuletea sukari guru, watoto wa chuo wamekula mpaka wakashindwa kusoma." Baba yangu amenakili, na Mwalimu Telesphor wa shule ya misheni ametia sahihi kwamba ameuona mstari wenyewe.

Kwa hiyo sasa una 1984, una 1346 ya Waislamu, na una mwaka wa nzige. Shughulika nayo wewe, mimi kichwa kinaniuma.

Mwanamwema

(Bi Dahabo anauliza kama huko mnakula vizuri. Nilimsomea barua yako. Amesema sauti yako imekonda.)


Rayners Lane, London
10 Februari 1974

Babu mpendwa,

Hesabu imekubali! Mkutubi alinitafutia majedwali ya kalenda. Siku ya tatu ya Mfunguo Mosi mwaka 1346 inaangukia mwisho wa Machi 1928, na Chaitra ya Samvat 1984 iko hapo hapo. Kisha katika ripoti za zamani za serikali yenyewe nikakuta kwamba nzige waliingia Kenya kutoka kaskazini mwaka huo wa 1928. Kalenda ya Wahindu, kalenda ya Waislamu na nzige, vyote vimekutana kwenye mwaka mmoja, juu ya kitanda cha mtoto mmoja. Nilipiga kelele maktabani. Babu, mimi!

Nimeiandikia ofisi kurasa kumi na moja. Nimeeleza visima, njia ya ngamia, mitungi na misumari. Nimeandika pia maneno ya Mzee Guyo, kwamba mahali hapo hapakuanzishwa na mtu mmoja. Baba alizisoma akiwa ameketi kwenye ngazi, na koti la kazini bado mwilini. Alipomaliza alisema, "Sikujua kuhusu sukari guru," akaanza kusoma upya.

Kuhusu mabati hukunijibu vizuri, lakini nimeacha. Ukija utaniambia.

Kokila


Rayners Lane, London
21 Aprili 1974

Babu! Wamekubali! Wanasema maelezo yamewaridhisha. Unatakiwa kwenda ubalozi wao Nairobi kabla ya mwisho wa Julai, pasi yako ipigwe muhuri. Baba anatafuta tikiti ya ndege. Amepaka chumba chako rangi, amenunua hita ya mafuta ya taa, na ameweka rafu ya miungu yako ukutani, imepinda kidogo. Mama ameuliza kwa Mzee Sadrudin kama atapata mtama.

Sijawahi kufanya jambo likafanikiwa namna hii. Niandikie upesi.

Kokila


Elgadi
12 Mei 1974

Mjukuu wangu Kokila,

Barua yako imefika. Nimefurahi. Umefanya kazi kubwa ambayo hata wakili asingeiweza.

Nitakuja. Mwambie baba yako asihangaike na rafu. Duka nitampa Balbir aweke vyuma vyake. Nitapanda lori la tarehe 23 Julai.

Niko mzima.

Babu yako,
Chaman


Elgadi
13 Mei 1974

Koki,

Barua hii naiandika mimi mwenyewe, na Babu hajui. Ya jana umeona ilivyokuwa fupi. Kwa kawaida hunichosha mkono. Jana alisema sentensi zile, kisha akasema, "Inatosha, funga."

Nikamuuliza, "Babu, kwani unataka kwenda?"

Akasema, "Yule mtoto ameandika kurasa kumi na moja. Nimwambie nini, kwamba alikuwa anacheza?"

Nikamwambia, "Mwambie ukweli, Koki si mtoto tena."

Akasema, "Kwetu baba akizeeka humfuata mwanawe. Mwanangu ameniita mbele ya watu, nami nikamkatalia mbele ya watu? Atakuwa na uso gani?"

Tangu habari zilipofika hali chakula cha mchana. Bi Dahabo amenuna, anapita mbele ya duka bila salamu, kisha anamtuma mjukuu wake kuuliza kama Babu amekula. Mzee Guyo alikuja Ijumaa, akachukua kikombe chake msumarini, akakitia ndani ya shuka. Alisema, "Kama Chaman hayupo, mimi hapa nina shughuli gani?" Nilimfuata nikakirudisha. Jumamosi akakichukua tena.

Asubuhi Babu hunishika mkono hadi bandani kunifundisha mitungi. Unaisugua kwa mchanga, husugui kwa majivu. Unaiacha ipumue kwanza. Unajaza kabla jua halijafika kwenye kizingiti, maana msafiri wa kwanza hupita na ngamia wake saa hiyo. Ananirudia mambo hayo hayo kila siku kama ninafanya mtihani. Jana alimaliza kunieleza, akakaa chini pale pale kati ya mitungi miwili, akasema, "Huko London nani ana kiu?"

Sikuambii ufanye nini. Mimi namwandikia tu, wewe ndiye unayejua kuzungumza na ofisi. Lakini nimefikiri kwamba ukipata barua ile peke yake utaamini kwamba yuko mzima.

Nisamehe.

Mwanamwema


Rayners Lane, London
25 Juni 1974

Babu mpendwa,

Usimkaripie Mwanamwema. Aliniandikia peke yake, na alifanya vizuri.

Kabla ya yote nataka ujue kwamba ninataka uje. Naandika hili mara moja, wazi, ili usije ukadhani baadaye kwamba nilichoka kukungoja. Kama ningeulizwa peke yangu, bila wewe, bila Mzee Guyo, ningesema panda lori. Barua ya Mwanamwema nilikaa nayo siku mbili ndani ya kitabu cha kemia. Nilijiambia kwamba wazee wote hununa mwanzoni, kwamba utazoea. Kisha nikaona kwamba nilikuwa natafuta ushahidi wa jambo ninalolitaka, na mimi ndiye niliyemkataza Mwanamwema kufanya hivyo.

Jumamosi Baba alikuwa kwenye chumba chako akinyoosha ile rafu. Nikasimama mlangoni.

"Baba, Babu hataki kuja."

"Ameandika atakuja."

"Ameandika hivyo kwa ajili yangu. Na kwa ajili ya uso wako."

Aliweka nyundo chini. Baba akikasirika huacha Kigujarati na Kiingereza vyote viwili, husema Kiswahili cha Elgadi. "Miaka mitano nimengoja! Watu huniuliza kazini, baba yako yuko wapi, nasema anakuja. Kila mwaka anakuja! Nani kakuambia hataki?"

Nikamsomea barua. Nilisoma vibaya. Nilipofika mwisho, akasema, "Soma tena hapo pa Guyo." Nikasoma. Akasema, "Na hapo pa kiu." Nikasoma. Akaketi kwenye kitanda. Bharti alikuwa amekuja nyuma yangu bila mimi kujua, na akasema kwa Kiswahili, wazi kabisa, "Baba, usilie."

Baadaye Baba alisema, "Hatakukatalia wewe, na hatanikatalia mimi. Basi lazima tukatae sisi." Kisha akasema, "Andika."

Haya ndiyo niliyofanya. Jumapili niliandika barua kwa ofisi, kwa Kiingereza, ukurasa mmoja. Nilisema kwamba Bwana Chaman anawashukuru kwa ruhusa yao, na kwamba familia imeamua abaki anapoishi. Niliomba waturudishie nakala ya daftari la chuo. Baba aliisoma mara mbili akatia sahihi. Kisha, chini ya sahihi, akaongeza mwenyewe kwa mkono wake: "Nilizaliwa Elgadi mwaka 1928, nanyi mmekubali hivyo. Tafadhali rekebisheni tarehe ya mji katika kumbukumbu zenu." Tikiti alikuwa bado hajalipia. Ameomba likizo ya Desemba aje yeye. Mimi siwezi, nina mitihani.

Jumatatu asubuhi niliondoka nyumbani mapema. Nilikwenda hadi kwenye sanduku la posta karibu na stesheni, nikatumbukiza barua ya ofisi. Sikuondoka mara moja. Gari la posta lilikuja, mtu akashuka, akafungua sanduku, akazimimina barua zote ndani ya gunia, na sikuweza tena kujua ipi ilikuwa yangu. Akaniuliza kama nimepoteza kitu. Nikasema hapana. Akafunga gunia akaenda zake, nami nikaenda shule.

Kokila